Nilimwandikia Tatu

Jumapili, 2 Aprili

Nimelazwa leo mchana, kesho napasuliwa. Goti la kushoto linatolewa, nawekewa la chuma. Binti wa dada yangu amenifungia mzigo utadhani nahama: mashuka, kandambili jozi mbili, mafuta ya kujipaka, kitana. Kalamu amesahau. Nimemrudisha dukani. Nimekagua mizani za watu miaka thelathini na moja, sokoni, maghalani, mpaka kwa masonara, na sijawahi kutoka nyumbani bila kalamu mbili. Alikwenda huku ananung'unika, "Mama mdogo, unakwenda kukatwa wewe, si kukagua." Masika yameanza alasiri hii, bila radi, mvua tu.

Jumatatu, 3 Aprili

Nimekatwa. Nimerudi kitandani saa saba mchana. Sisikii kitu.

Jumanne, 4 Aprili

Narudia: sisikii kitu, na sipendi.

Daktari alipopita asubuhi alinieleza. Kabla ya kufunga kidonda alichoma ganzi sehemu nyingi kuzunguka goti, kisha akaacha mrija mwembamba ndani ili Sista aongeze dawa asubuhi na jioni. "Ganzi hii inalaza goti peke yake, kichwa kinabaki macho," alisema. "Siku mbili tatu za mwanzo ndizo ngumu. Tukikuvusha hapo, utasimama mapema." Nilimuuliza maumivu yenyewe yanakwenda wapi wakati huo. Akacheka. "Hayaendi popote, mama. Yapo, ila hayakufikii." Akaenda zake kwa mgonjwa mwingine. Mimi jibu hilo limenikaa kifuani tangu saa mbili.

Nimeligusa goti juu ya bandeji. Mkono ulisikia goti, goti halikusikia mkono. Nikawa kama nampapasa mtu aliyelala kitanda kimoja nami bila kunijulisha.

Chumba chetu kina vitanda viwili. Cha pili kina mama mpishi wa shule ya bweni, mnene, mcheshi, kapasuliwa asubuhi ileile na daktari yuleyule, ila yeye goti la kulia. Namwita Mpishi, naye ananiita Mkaguzi. Amenijua haraka kuliko watu niliofanya nao kazi. Kabla ya chai alishaniuliza kwa nini sikuolewa. Nikamwambia sikuwahi kukuta mwanamume ambaye uzito wake ulitimia kwenye mizani. Alicheka mpaka akajishika bandeji.

Sista ametuletea karatasi za maumivu. Kila baada ya saa nne unaandika namba, kutoka sifuri hadi kumi. Mpishi hana miwani, mumewe aliikalia, kwa hiyo namwandikia mimi. Yeye kasema nne. Mimi nimeandika sifuri, na mkono ulisita. Mizani ikibebeshwa mzigo halafu mshale ukabaki kwenye sifuri, mizani hiyo ni mbovu. Nimefunga maduka kwa kosa hilo.

Jumatano, 5 Aprili

Nimesimama kwa fremu ya kutembelea, hatua sita. Sifuri. Mpishi hatua tisa, nne.

Saa nne, saa za kuona wagonjwa, mume wa Mpishi aliletwa na jirani yao hadi mlangoni. Mzee mrefu, shati limepigwa pasi, kofia mkononi. Alisimama kati ya vitanda viwili akatuangalia kwa zamu, mimi, yeye, mimi. Kisha akamwambia Mpishi, "Samahani mama, namtafuta mke wangu."

Mpishi alicheka. "Acha utani wako, mume wangu, kaa hapa." Mzee naye akacheka, akakaa, akamshika mkono, na mazungumzo yakaenda sawa mpaka kengele. Lakini alipotoka, Mpishi alijifunika shuka mpaka kidevuni akaniambia bila kunitazama, "Hakutania."

Kwa mwaka mzima sasa mzee anasahau. Watoto wao, mmoja yuko ng'ambo na mwingine baba yake ameshamsahau. Mpishi bado hajamsahau, kwa sababu kila asubuhi anamwona palepale jikoni, kanga ileile, anampa chai na kumtajia jina lake. "Nimemzoesha hivyo," alisema. "Siku nikikosekana mbili tatu, anayumba. Mkaguzi, nikikaa hapa wiki mbili nitarudi mgeni nyumbani kwangu."

Niligeukia dirisha. Mvua ilinisaidia kwa kupiga kelele kwenye bati.

Alhamisi, 6 Aprili

Naandika hili kwa mwandiko wa kazini, ili baadaye nisijidanganye.

Daktari amepita saa mbili. Amesema atakayekuwa anatembea vizuri na maumivu chini ya nne, anatolewa mrija kesho na kwenda nyumbani Jumamosi. Asiyefikia atabaki, ataangaliwa upya. Alipotoka nikachukua karatasi ya Mpishi.

"Ngapi?"

"Tisa," alinong'ona. "Lakini si goti, dada. Goti limelala. Ni huku nyuma, kigimbi. Kinakaza kama kamba inavyosokotwa."

Nikaanza kuchora tisa. Akanishika kiganja, na mkono wake ulikuwa na jasho. "Andika tatu."

Nilimwambia sijawahi kuandika namba ya uongo tangu nishike kalamu. Nilikataa ng'ombe, nilikataa kiwanja, nilikataa bahasha za wenye maghala. Akaniacha nimalize kujisifu. Kisha akasema, "Jana alinitafuta nikiwa mbele ya macho yake."

Nikaandika tatu. Tatu nzuri, imenyooka, hakuna mtu angeitilia shaka. Kwangu nikaandika sifuri, nikaweka kalamu juu ya kabati.

Sikuwa nimeiachia vizuri nilipopigwa na maumivu. Nyuma ya mguu, chini ya goti, kama kamba inavyosokotwa. Nikapeleka mkono kwenye goti langu jipya: limelala, halina habari. Ikanichukua muda kuelewa kuwa maumivu hayakuwa upande huo kabisa. Yalikuwa mguu wa kulia. Mguu wangu mzima, ambao hakuna mtu ameugusa.

Mpishi alikuwa ananiangalia. "Mkaguzi, mbona umekuwa hivyo?"

"Hapana kitu," nilisema. "Wewe je?"

Alinyoosha mguu polepole, akashangaa, akatabasamu. "Unajua, kama umepungua."

Niliulizwa zamani na wanafunzi wa kazi, unajuaje mizani imeibiwa? Nikawafundisha: uzito haupotei. Ukikosekana hapa, utafute pale. Tisa toa tatu ni sita. Sikutaka kufanya hesabu hiyo, imejifanya yenyewe.

Ijumaa, 7 Aprili

Saa mbili: kasema nane, nikaandika tatu. Kigimbi changu tano. Saa sita: kasema tisa, nikaandika tatu. Sita. Nimejaribu kumwandikia nne ili nione. Tano. Nimeirudisha tatu kabla Sista hajaja, na ikarudi sita.

Nimefanya kazi na vyombo maisha yangu yote na sijaona chombo kinachotii hivi.

Sista ametutoa mirija wote wawili. Anatusifu, anasema chumba hiki ndicho mfano wa wodi nzima. Mpishi anatembea mpaka dirishani na kurudi, anaimba. Uso wake una rangi ya majivu lakini anaimba. Mimi nimemwambia Sista kuhusu mguu wa kulia, na aliuliza mara mbili kama sijakosea upande. Aliubonyeza, akaupima kwa utepe, akamwita daktari. Nimesukumwa kwa kiti hadi kwenye mashine ya altrasaundi. Kifaa chake baridi, kama kijiko, kimepita juu chini, juu chini. "Mama, mguu huu hauna kitu," alisema mwenye mashine. "Mishipa yako kama ya binti."

Nikamuuliza walikuwa wanatafuta nini. Akasema damu ikiganda ndani ya mshipa baada ya upasuaji, huanza na maumivu ya kigimbi. Ikikaa bila kuonekana inaweza kukatika na kwenda kwenye mapafu, na hapo mtu anaweza kwenda akiwa anazungumza nawe. "Ndiyo maana tunawauliza maumivu kila saa nne," alisema huku akipangusa kijiko. "Shukuru, wewe huna."

Wamenirudisha chumbani. Mpishi alikuwa anakunja kanga zake kwa safari ya kesho.

Ningemwambia Sista palepale. Sikumwambia. Nilijiambia mwenye mashine ameshasema hakuna kitu, kana kwamba mguu wangu na wake ni uleule. Naandika ili ijulikane kuwa nilikuwa nimeshaelewa.

Jumamosi, 8 Aprili

Saa mbili asubuhi Mpishi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa gauni la kutokea, mkoba mapajani. Nikashika karatasi yake kwa mara ya mwisho.

"Ngapi?"

Alikawia. Midomo ilikuwa mikavu. "Kumi," alisema. "Na pumzi inakatikakatika. Ni furaha tu. Andika mbili, tumalize."

Kumi toa mbili. Nikashika reli ya kitanda kwa mikono yote nikingoja. Kisha nikaona ninavyofanya: ninajiandaa kupokea, kana kwamba kubeba kwangu kunamponya. Sikuwa ninambebea chochote. Nilikuwa ninamfichia.

Niliandika kumi. Nikabonyeza kengele, nikaendelea kuibonyeza.

"Unafanya nini?" Mpishi alisema. "Dada, unafanya nini?"

Sista aliingia mbio. Nilimwambia yote, kwa mpangilio, tarehe na saa: tisa, nane, tisa, zote nimeandika tatu, kigimbi cha kulia, na pumzi tangu leo. Sista aliinama, akapandisha gauni la Mpishi, na sote watatu tukauona mguu. Ulikuwa umevimba na kung'aa, mara moja na nusu ya mwenzake. Siku mbili nzima alikuwa anaufunika kwa kanga, nami nilikuwa nageuza uso.

Walikuja watu wanne. Damu imeganda kutoka kigimbini hadi pajani, na kipande kimeshapanda. Walimlaza kwenye kitanda cha magurudumu, wakamvisha barakoa ya hewa. Alipopitishwa mbele yangu aliisogeza ile barakoa kwa kidole.

"Umeninyang'anya mume wangu," alisema. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

Mguu wangu wa kulia haukutii tena karatasi: ulisoma nane mpaka saa tano na dakika kumi. Kisha ukawa sifuri, ghafla, kama mtu anavyonyanyua mzigo kwenye sahani ya mizani.

Sijawahi kuogopa namba hivyo.

Jumapili, 9 Aprili

Sifuri. Namuuliza kila anayeingia. "Yuko kwa wataalamu." Daktari hakunikaripia, aliichukua tu karatasi yangu na ya Mpishi. Sasa Sista ndiye anayeandika. Goti langu linakunjika nyuzi sitini tu, hawataki kuniruhusu.

Saa nne mzee aliletwa. Jirani alimwacha mlangoni kama kawaida, hana habari ya lolote. Mzee aliingia akasimama mbele ya kitanda kitupu, godoro limegeuzwa, halina shuka. Alikipapasa. Aliinama akatazama chini yake. Kisha akaanza kulia kama mtoto aliyeachwa sokoni, bila kuficha uso, na kuita: "Mama watoto! Mama watoto!"

Nilimwita Sista, hayupo. Nilimwambia, "Mzee, mkeo kapelekwa chumba kingine, anatibiwa." Hakunisikia. Aliita tena, na tena, mpaka wagonjwa wa chumba cha pili wakaanza kugonga ukuta.

Nikasema, "Naam."

Akageuka. Uso wote ukafunguka. "Kumbe uko huku," alisema, akavuta kiti.

Jumatatu, 10 Aprili

Sifuri. Mzee alikuja moja kwa moja kitandani kwangu, hata hakutazama kile kingine. Alinimenyea chungwa, akaondoa mbegu moja moja. Alinisimulia siku ile bomba lilipasuka jikoni, tulivyocheka. Nilicheka. Nimeona kuwa nikiitikia anakula, nisipoitikia analia. Nitamweleza kesho.

Jumanne, 11 Aprili

Sifuri. Mvua. Sikumweleza.

Jumatano, 12 Aprili

Saa tatu kasoro nikiwa napiga mswaki: mbili! Kigimbi cha kulia, mbili kamili, inasukuma kidogo na kuachia. Niliacha mswaki ukaanguka kwenye sinki nikalia kwa furaha. Mfagiaji alidhani nimeteguka. "Yuko hai," nilimwambia. Akauliza nani, nikashindwa pa kuanzia.

Saa nane Sista akaja na habari: Mpishi amefungua macho asubuhi, kama saa tatu hivi. Ameomba maji na ameuliza mumewe amekula nini. Atakaa huko wiki tatu au nne, dawa za kuyeyusha damu hazitaki haraka, na mzee hataruhusiwa kuingia, ni wodi ya uangalizi.

Nilitaka kufurahi tu. Nikajikuta nahesabu: wiki nne.

Ijumaa, 14 Aprili

Nimeruhusiwa, goti nyuzi themanini na tano. Mzee alikuwepo. Nilipofungasha alichukua mkoba wangu, akavaa kofia, akasema, "Haya, twende nyumbani." Binti wa dada yangu alinitazama kwa macho makubwa. Nilimwambia jirani yao ukweli wote pale korido, naye akamshika mzee mkono akampeleka upande wa pili. Niliondoka kwa fremu, hatua fupi fupi, na kila hatua nilisikia nyuma yangu, "Mama watoto! Unaniacha?"

Sikuitikia. Ilikuwa siku ya kwanza kutoitikia, na ilinifanya mwovu kuliko siku zote nilizoitikia.

Jumatatu, 17 Aprili

Mazoezi. Goti linauma sasa, maumivu yake halisi, tano. Nimeyapokea kama jamaa aliyechelewa. Kulia: mbili.

Jumapili, 23 Aprili

Mvua siku tatu mfululizo, ukuta wa bafuni umeota ukungu. Kushoto nne, kulia moja.

Ijumaa, 28 Aprili

Kulia, robo. Sikujua mguu unaweza kusoma robo.

Jumanne, 2 Mei

Nimeacha fremu, nina fimbo. Binti wa dada yangu anasema nimekuwa mpole, anauliza kama naumwa.

Jumamosi, 6 Mei

Mpishi amepiga simu. Sauti yake imekuwa nyembamba lakini ni yake. Sikungoja aseme kitu, nilimwomba radhi kwa yote, kwa namba na kwa kumwitikia mumewe. Nikasikia akifunga mlango kwanza.

"Nilikuambia mimi uandike," alisema. "Na bila ile kengele nisingekuwa hapa nazungumza. Hilo nimeshakusamehe, usinichoshe. Nimerudi nyumbani juzi." Akavuta pumzi. "Mzee hali chakula tangu juzi. Njoo kesho mchana, Mkaguzi. Njoo na fimbo yako."

Jumapili, 7 Mei

Nyumba yao ina baraza dogo la saruji na mlango wa kijani. Mvua ilikuwa imekatika, kila kitu kinadondosha maji. Nilipanda ngazi tatu, mguu mzima kwanza kama nilivyofundishwa.

Kabla sijabisha mlango ulifunguliwa. Mzee alikuwa amekonda, shati halijapigwa pasi. Aliitazama fimbo, akanitazama usoni, akashusha pumzi. "Umechelewa," alisema. "Nimekungoja." Akanishika kiwiko akanipitisha ndani kwa uangalifu, akinitahadharisha na zulia nisijikwae.

Mpishi alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Amepungua nusu, kanga imemzunguka mara mbili. Nilisimama katikati ya chumba, mkono wa mumewe kwenye kiwiko changu, nikasubiri mguu wa kulia uniambie anaumwa kiasi gani. Haukusema kitu. Hili alikuwa amelibeba lote mwenyewe.

"Mzee," nilisema, "mke wako ni huyu. Mimi ni mgonjwa wa kitanda cha pili. Mtazame vizuri. Ni huyu."

Alimtazama, kwa adabu, kwa muda mrefu. Akainamia sikio langu. "Huyu mama ni nani?" aliuliza. "Yuko humu siku tatu anapika. Sitaki kula vya mtu nisiyemjua."

Mpishi alisikia. Nilimwona akisikia. Alijifuta mikono kwenye kanga, polepole, kidole kimoja kimoja, kisha akaja akichechemea hadi mezani na sahani moja, akaiweka mbele ya kiti cha mzee. Akavuta kiti kingine kando yake, akanionyesha kwa kidevu.

"Dada," nilisema, "usinifanyie hivi."

"Kaa," alisema. "Hajala siku tatu."

Nikakaa. Mzee naye akakaa, akasogeza kiti karibu na changu, akamwangalia Mpishi aliyekuwa amebaki amesimama.

"Mimi ni shemeji," Mpishi alimwambia, na alitabasamu kabisa. "Nimekuja kumsaidia mkeo kazi mpaka goti lipone. Karibu ule."

Mzee alinigeukia kuuliza kama ni kweli. Nilitikisa kichwa kukubali. Akaanza kula.